Maneno Kumi na Mawili

Katika mambo mengi niliyopata kumfundisha mpwa wangu, moja nilimfundisha nusu, na nusu iliyobaki ikamgharimu fedha yake. Naandika habari hii kwa kuwa deni la mtu aliyetoa elimu pungufu halilipwi kwa fedha peke yake, na kwa kuwa jambo lenyewe, yaani utunzaji wa mkoba wa fedha uliomo katika simu, limeingia kimya kimya katika miji ya kando ya Ziwa letu. Sisi tunaojiita wasomi aghalabu hulitaja kwa dhihaka au kwa hofu, na mara chache kwa maarifa.

Mpwa wangu hununua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Anayeijua Mwanza hana haja ya kuelekezwa lilipo, maana harufu yake humpokea mgeni kabla ya watu wake. Dagaa waliokaushwa huletwa hapo kutoka Ukerewe na visiwa vingine, wakafungwa katika magunia, wakapakiwa katika malori, wakaenda kuliwa Rwanda, Burundi na Kongo. Mteja wake mmoja wa Kongo alichoka kuchukua dola za makaratasi katika safari ndefu yenye vizuizi vingi na watu wenye mikono mirefu. Akamwomba mpwa wangu akubali kupokea malipo kwa sarafu ya kidijitali, ile ambayo kila moja imekusudiwa kuwa na thamani ya dola moja ya Marekani. Mpwa wangu alikubali, akaweka katika simu yake programu ya kupokelea. Vijana huiita waleti. Mimi nitaiita mkoba, ingawa jina hilo, kwa lugha yoyote, lina udanganyifu ndani yake.

Udanganyifu wenyewe ni huu. Mkoba wa ngozi hutunza noti. Ukiungua, noti nazo zimeungua. Mkoba wa simu hautunzi hata senti moja. Fedha imeandikwa katika daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, na kila mtu anaweza kulisoma. Kilichomo mkobani ni ufunguo tu, yaani namba ndefu ya siri, ambayo kwayo mtu huthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuihamisha fedha ile. Kwa kuwa binadamu hawezi kunakili namba ya namna hiyo bila ya kukosea, mwaka 2013 mafundi walibuni njia ya kuigeuza kuwa maneno kumi na mawili, au ishirini na manne, yanayotolewa katika orodha ya maneno 2,048. Orodha ya Kiingereza imepangwa kwa akili sana, hata herufi nne za mwanzo zatosha kulitambua kila neno. Zipo pia orodha za Kijapani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine kadha. Kiswahili hakimo, na mpwa wangu aliyanakili maneno yake herufi kwa herufi, mengine bila ya kujua maana yake, kama mtoto wa chuoni anayeandika aya kabla hajaifahamu. Hesabu ya namna zote halali ambazo maneno hayo yanaweza kupangwa ina tarakimu 39. Mwizi hawezi kuyabahatisha. Hana budi kuyaomba.

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ajili yake, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kwa hiyo kitu kilichokataliwa mlangoni kilihesabiwa dirishani, na wafanyabiashara wakaendelea na shughuli zao kati ya mlango na dirisha. Sitaki kuamua shauri hilo hapa. Nasema tu kwamba tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 tumezoea fedha ya simu yenye mwenyewe: ukikosea namba, ipo kampuni ya kupigia, na muamala huweza kuzuiwa kabla haujatolewa. Mazoea hayo ni mema, walakini yametufanya tudhani kwamba kila fedha iliyomo katika simu ina mlinzi aliyeketi mahali fulani usiku kucha. Mkoba ninaousema hauna mlinzi huyo. Mlinzi wake ni mwenye maneno.

Basi, Jumapili moja mpwa wangu alikuja kunisalimu nyumbani kwangu Nyegezi. Katika mazungumzo akanionyesha simu yake, nami nikaona kwamba mkoba ule haukupata kusasishwa tangu siku alipouweka, yapata miaka miwili. Nikamwuliza sababu.

“Bando, Mjomba,” akasema. “Nikiacha kila programu ijisasishe, bando la wiki linakwisha kwa siku moja. Nimezima zote.”

Jibu lake si la kuchekwa. Wengi wetu tumefanya hivyo hivyo. Tena wako wanaopeana programu simu kwa simu, pasipo intaneti, ili kuokoa bando, kama majirani wanavyopeana kaa la moto. Wala haiulizwi kaa limetoka jiko gani. Watu waandikao habari za usalama katika nchi ambazo intaneti haipimwi kwa kijiko hawalifikirii jambo hili, na humdhania asiyesasisha kuwa ni mvivu.

Nikamweleza kwa mfano wa kalafati, maana amekulia ufukweni. Mtumbwi wa mbao mara nyingi hauzamishwi na ubao, huzamishwa na maungio. Jua hukausha, maji huvimbisha, na pamba iliyoshindiliwa baina ya mbao hulegea. Kwa hiyo mwenye chombo huupandisha mchangani kila baada ya muda, fundi akatoa pamba iliyochoka na kugongomea mpya. Programu nayo ina maungio. Imeandikwa na watu, na watu hukosea, na siku haziishi kabla mtu fulani mahali fulani hajagundua mwanya. Mwenye programu akiuziba hutoa toleo jipya. Nikaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: siku toleo jipya linapotoka, mwanya wa zamani huwa kama umetangazwa, kwa sababu mwizi mwenye ujuzi huyalinganisha matoleo mawili akaona penye kiraka. Asiyesasisha huwa hatarini siku hiyo kuliko alivyokuwa jana yake, wakati mwanya ulipokuwa haujulikani na mtu.

“Kwa hiyo sasisha, mpwa wangu,” nikamwambia. “Sasisha kila unapoambiwa.”

Maneno mawili ya mwisho ndiyo ninayoyajutia.

Hazikupita wiki tatu. Ulikuwa usiku wa giza, mwezi haupo, na wavuvi wa dagaa walikuwa ziwani. Msomaji wa mbali apate kujua kwamba dagaa huvuliwa katika siku hizo: taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri, na dagaa hukusanyika chini ya mwanga ule mpaka wavu uwazunguke. Usiku huo ujumbe ulimfikia mpwa wangu kwa njia ya kundi la wafanyabiashara wenzake. Ulikuwa na nembo ya mkoba wake, rangi zake, na Kiswahili kisafi kuliko cha barua nyingi za serikali. Ulisema kwamba toleo alilo nalo limepitwa na wakati, na asiposasisha kabla ya saa sita usiku fedha yake itafungwa. Chini yake palikuwa na mahali pa kubonyeza.

Akanikumbuka mimi, akabonyeza. Simu ikamwonya kwamba programu ile inatoka mahali pasipojulikana, akairuhusu. Programu ikaingia, ikakaa kando ya ile ya zamani, pacha wawili wenye sura moja, na hilo nalo halikumshtua. Kisha ikamwomba maneno yake kumi na mawili ili, kama ilivyosema, fedha ihamie katika toleo jipya. Akafungua daftari lake la hesabu za magunia, ukurasa wa mwisho, akayaandika yote bila ya kukosea.

Alfajiri akanipigia simu.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Kuna nini mapema hivi?”

“Mjomba, nilisasisha kama ulivyosema.”

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeanza habari kwa mwanzo wake. Zilikuwa zimekwenda dola 1,150, ambazo alikuwa akiziweka kwa ajili ya injini ya mtumbwi, ili asinunue tena dagaa kwa bei ya watu wa kati.

Daftari lile kubwa, nimekwisha kusema, husomwa na kila mtu. Tulikaa mezani, mimi na yeye, tukaiona fedha yake ikitoka katika anwani yake saa tano na dakika kadha usiku, ikaingia katika anwani nyingine, ikagawanywa, ikabadilishwa kuwa sarafu ya aina nyingine, ikaendelea. Sijapata kuona jambo la namna hiyo. Mtu akiibiwa ng'ombe Usukumani hufuata nyayo mpaka zipotee penye mawe au penye maji. Nyayo hizi hazikupotea hata kidogo, zilikuwa wazi kama mchana, na hazikutufaa kitu. Kampuni inayotoa sarafu ile inaweza kufunga anwani ikiombwa na vyombo vya dola. Lakini kabla sisi hatujajua hata pa kupeleka ombi, fedha ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Tulikwenda kuandikisha habari polisi. Wakatusikiliza, wakaandika.

Kwa siku nyingi niliwaza ni nini hasa nilichokosa kumwambia. Nilichomwambia kilikuwa kweli. Jibu nililipata nilipoisoma habari ya Electrum, mkoba wa Bitcoin wa kompyuta unaotumiwa na watu wengi duniani. Mwishoni mwa mwaka 2018 wezi waligundua kwamba matoleo yake ya wakati ule yaliruhusu seva, ambazo mtu yeyote aweza kuzianzisha, kumwonyesha mtumiaji ujumbe ndani ya programu yenyewe. Wakaanzisha seva zao nyingi. Mtu alipojaribu kutuma fedha, mkoba wake halisi, aliouamini kwa haki, ulimwonyesha ujumbe kwamba lazima asasishe, na anwani ya kupakua. Aliyetii alipakua mkoba wa mwizi. Katika muda mfupi zaidi ya Bitcoin 200 zilikuwa zimeibwa. Mafundi waliuziba mwanya ule katika matoleo yaliyofuata, lakini kiraka hakimsaidii asiyekivaa. Mwezi Agosti 2020 mtu mmoja ambaye hakuugusa mkoba wake tangu 2017 aliufungua, akatumia toleo la kale, ujumbe ule ule ukamjia, akatii. Alipoteza Bitcoin 1,400, ambazo kwa bei ya siku hizo zilizidi dola milioni 16.

Niliisoma habari hiyo mara mbili. Mtu yule alikuwa na makosa yote mawili katika tendo moja: aliibiwa kwa sababu hakusasisha, na aliibiwa kwa kusasisha. Ukimhubiria ubaya wa kosa la kwanza peke yake, kama nilivyomhubiria mpwa wangu, umempeleka mbio katika la pili. Dawa na sumu zilipita katika mlango mmoja, zimevaa nguo moja, na mimi nilimfundisha kufungua mlango tu.

Nusu niliyoiacha ni nyepesi hata naona haya kuiandika. Kusasisha si kurejesha. Mkoba unaposasishwa, toleo jipya huwekwa juu ya lile la zamani, na ufunguo haujatoka ndani ya simu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuomba maneno kumi na mawili. Maneno huombwa wakati wa kurejesha tu, yaani simu ikipotea, au programu ikifutwa, na ufunguo ukawa hauna budi kuingizwa upya. Anayeyaomba kwa jina la sasisho amejifichua. Mpwa wangu angelijua hilo, angesimama pale mezani na kalamu yake ya hesabu mkononi, akacheka.

Simu za Android zenyewe zinalo jicho la kuona jambo hili, ila hatukufundishwa kulitazama. Kila programu hutiwa saini ya siri na mtengenezaji wake, na simu haikubali toleo jipya liwekwe juu ya la zamani ikiwa saini hazilingani. Ndiyo maana sasisho la mwizi halikuweza kuifunika programu ya mpwa wangu, likakaa kando yake. Pacha wale wawili katika kioo cha simu walikuwa ushahidi. Wezi wengine humwambia mtu aifute kwanza programu ya zamani, ili pacha wasionekane. Na aliyefuta bila ya kuwa na maneno yake yameandikwa mahali amejipokonya fedha yake mwenyewe kabla mwizi hajafika.

Baada ya msiba ule mpwa wangu alitaka kuacha kila kitu: asisasishe tena, asipokee tena, mteja wa Kongo arudi kwenye makaratasi yake. Hapo nikamsimulia habari za mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa lililokuwa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba mizani za wanunuzi zinawapunja. Kuacha kuuza hawakuweza, maana pamba ndiyo iliyokuwa kodi yao na nguo yao. Kuendelea kuamini hawakutaka. Wakachagua wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma namba, wakasimama penye mizani. Kutokana na harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vyama vya ushirika vikasitawi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mpimaji wa wakulima hakuwa na mizani nyingine. Alitazama ile ile ya mnunuzi, lakini alitazama mwenyewe.

Mpwa wangu alinisikiliza, ingawa nadhani alikuwa akiniona kama mzee anayelipia injini kwa hadithi. Kwa kweli nililipa kwa fedha pia. Nilimpa nusu ya kilichopotea, nusu kwa nusu. Alikataa mara mbili, mpaka mama yake, dada yangu, akamwambia apokee.

Dada yangu huyo hana simu ya kioo, lakini ndiye aliyesema neno nililolifuata baadaye. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu. Akauliza kwa nini fedha ya injini ilikuwa na ufunguo mmoja, tena umeandikwa nyuma ya daftari la dagaa. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba mafundi wa sarafu hizi wamekwisha kubuni mkoba wa namna ile ile, usiotoa fedha mpaka funguo mbili kati ya tatu zikubaliane. Alinitazama kama kusema: basi mlikuwa mkingoja nini?

Siku hizi mpwa wangu husasisha tarehe mosi ya kila mwezi, kwa intaneti ya rafiki yake mwenye duka, na ikisikika habari ya mwanya wa hatari hangoji tarehe. Hafuati ujumbe wa mtu. Huingia mwenyewe katika duka la programu, akasoma jina la mtengenezaji herufi kwa herufi kama alivyoyanakili maneno yake, akalilinganisha na tovuti ya mtengenezaji ambayo anwani yake ameiandika kwa wino. Nilimwonya kwamba hata duka rasmi huweza kukosea: mwezi Novemba 2023 mkoba wa bandia uliojiita wa kampuni ya Ledger uligunduliwa katika duka la Microsoft, na watu wakapoteza zaidi ya dola nusu milioni. Akaniambia kwamba anajua, amekwisha kusoma. Maneno yake mapya hayamo katika daftari la magunia. Yako wapi, sijui.

Mwezi uliopita alikuja tena Nyegezi, na injini ameipata, ya mkono wa pili. Tulipokuwa tukinywa chai simu yake ikalia, akaitoa na kuanza kuandika namba yake ya siri. Nikainama kidogo kutazama, kwa mazoea ya mwalimu. Akakifunika kioo kwa kiganja, kwa adabu kabisa, kisha akaniuliza kama nimekwenda kumwona mama yake.